Habari za Ukoo wa Muyinga na Jinsi Unavyokumbukwa

Katika nchi nyingi za dunia ziko nyumba zilizopata jina kwa vita. Baba alikuwa jemadari, mwana naye akawa jemadari, na mjukuu alipozaliwa alikuta mikuki imekwisha simamishwa mlangoni ikimngoja. Nyumba za namna hiyo zatajwa sana katika vitabu, tena husimamishiwa minara na majina yao hupewa njia na shule. Lakini ni mara chache mtu kuuliza: Ni nani ajengaye mnara? Aujenga kwa ajili ya nani? Nao wale waliokufa pamoja na jemadari, wanakumbukwa wapi?

Maswali haya yatufaa sisi tufundishao katika mkoa wa Singida. Upande wa kusini, ng'ambo ya nyika ya Manyoni na Itigi, twapakana na nchi ya Iringa, na huko iko nyumba ya vita mashuhuri kupita nyingi katika Tanzania, nayo ni nyumba ya Mwamuyinga, yaani ukoo wa Mkwawa. Habari zake zimegusana na habari za Wagogo na Wakimbu waliomo katika mkoa wetu. Kwa hiyo nimeona vema kuzieleza kwa utaratibu, kisha nionyeshe kumbukumbu za ukoo huu zimekuwaje, na tujifunze nini kwa watu wetu wenyewe.

I. Asili ya ukoo

Wahehe wa zamani hawakuwa na mtawala mmoja. Nchi ilikuwa na watawala wadogo wengi, kila mmoja na bonde lake na watu wake. Wazee wao wasimulia kwamba mwindaji mmoja, aitwaye Mufwimi, alikuja toka milima ya mashariki akiwafuata nyati. Neno lenyewe mufwimi kwa Kihehe maana yake ni mwindaji, hata yaonekana kwamba ni jina la kazi kabla ya kuwa jina la mtu. Mwindaji huyo akampenda binti wa mtawala wa Nguruhe, akazaa naye mtoto mwanamume. Mtoto akaitwa Muyinga, na wazao wake ndio Wamuyinga.

Masimulizi ya namna hii twayakuta pande nyingi za nchi yetu: mgeni mwindaji afika, agawa nyama, apewa binti, na mjukuu atawala. Mwalimu asiyapuuze wala asiyachukue kama hati ya serikali. Yatufundisha jinsi watu wenyewe walivyoeleza haki ya kutawala, kwamba damu ya mama ilitoka kwa wenye nchi, na nguvu ya baba ilitoka porini.

Aliyeikusanya nchi ya Uhehe ikawa moja ni Munyigumba, katikati ya karne ya kumi na tisa. Aliwatiisha watawala wadogo mmoja mmoja, akapigana na Wasangu wa Merere, na katika vita hivyo akajifunza kwao namna ya kupanga vijana kwa vikosi. Baadaye alipigana na Wangoni. Alipofariki mwaka 1879 au karibu nao, aliacha nchi kubwa na ugomvi mkubwa.

Mwanawe, Mkwavinyika, ndiye ambaye jina lake lilifupishwa likawa Mkwawa. Wenye lugha wasema jina hilo maana yake ni mshindaji wa nchi nyingi. Lakini mwanzo wake haukuwa wa ushindi. Mwambambe, mtu shujaa aliyeoa katika nyumba ya Munyigumba, alijitwalia madaraka kwa nguvu, na Mkwawa akakimbilia Ugogo. Hapo ndipo habari zake zinapoanza kugusana na zetu. Aliporudi na kuwapata watu wa kumfuata, Mwambambe naye alikimbilia Kiwele katika Ukimbu, nchi ambayo upande wake mmoja leo umo katika mkoa wa Singida. Huko alipata watu wa bunduki, akarudi nao kupigana. Aliuawa pamoja na wengi wa watu wake mahali ambapo tangu siku hiyo paitwa Ilundamatwe.

Jina hilo lastahili kutazamwa. Kulunda ni kuweka kitu juu ya kitu, kama Mswahili asemavyo kurundika. Na mutwe ni kichwa, kama wasemavyo Wanyamwezi na watu wengi wengine wa bara. Basi Ilundamatwe ni mahali palipolundikwa vichwa. Hakuna jiwe lililosimamishwa siku ile, bali jina la mahali limebeba habari yote. Watu wetu waliandika historia yao katika nchi yenyewe, na mwalimu asiyejua lugha ya mahali hupita juu ya kitabu bila ya kujua kwamba ni kitabu.

II. Lugalo na Kalenga

Mkwawa alipokwisha kuishika nchi, aliwatuma vijana wake mbali sana. Walivamia Usagara, walivamia Usangu, tena walivamia Ugogo wakichukua ng'ombe na watu. Lazima tuseme jambo hili waziwazi. Leo twamtaja Mkwawa kuwa shujaa wa nchi nzima, na ni haki. Lakini Mgogo aliyeamka usiku na kukuta zizi tupu hakumwita shujaa. Historia isiyosema hayo yote mawili ni nusu ya historia.

Wadachi walipoanza kuishika njia ya bara, vita na Wahehe havikuwa mbali. Mwaka 1891 walimtuma Emil von Zelewski, jemadari wao, ambaye watu walimpa jina la Nyundo kwa ukali wake. Alifuata njia ya Iringa akichoma moto vijiji. Tarehe 17 Agosti 1891, mahali paitwapo Lugalo, mwendo mfupi mashariki ya Iringa ya leo, Wahehe wapata 3000 walikuwa wamejificha majanini na nyuma ya mawe. Msimamizi wao alikuwa Mpangile, nduguye Mkwawa. Yasimuliwa kwamba afisa mmoja wa Kidachi alimpiga ndege kwa bunduki, nao Wahehe wakadhani ni ishara ya kuanza, wakaruka na mikuki yao. Askari walikuwa katika mstari mrefu mwembamba, na hawakupata nafasi ya kupiga bunduki zaidi ya mara moja au mbili. Zelewski alikufa, na pamoja naye Wadachi wengine tisa, na askari wapata 250, na wapagazi wengi. Bunduki zao na mizinga yao ilichukuliwa.

Wahehe nao walipoteza watu. Wapata 60 walikufa papo hapo, na wengine wengi walikufa baadaye kwa majeraha. Tuziangalie hesabu hizi mbili, maana tutazirudia tutakaposema habari za minara.

Wadachi hawakusahau. Mkwawa alikuwa amejenga ukuta mkubwa wa mawe kuuzunguka mji wake wa Kalenga, na watu walidhani hapana awezaye kuupita. Tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele aliuvunja kwa mizinga, na askari wakaingia. Kati ya walioongoza kuingia alikuwamo Tom von Prince, mtu aliyezaliwa kisiwani Mauritius, baba yake Mwingereza na mama yake Mdachi. Waafrika walimwita Bwana Sakarani, neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake mlevi. Walisema vita vilimlevya. Mkwawa aliponyoka, na kwa muda wa miaka karibu minne alipigana vita vya porini, leo hapa, kesho kule.

Siku zizo hizo Wadachi walikuwa wakijenga maboma katika bara. Mojawapo lilikuwa Kilimatinde, katika wilaya yetu ya Manyoni, lililojengwa katika miaka ya 1890 juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kwa hiyo msomaji asidhani vita vya Mkwawa vilikuwa jambo la Iringa peke yake. Mkono uliovunja Kalenga ndio mkono ulioweka bendera Kilimatinde.

III. Ndugu wawili

Katika nyumba hii ya vita, habari inayonisikitisha kupita zote ni ya Mpangile. Yeye ndiye aliyewashinda Wadachi Lugalo. Lakini nchi ilipochoka, na njaa ikaingia, na watu wakaanza kumwacha Mkwawa, Mpangile alikwenda kwa Wadachi akajisalimisha. Mwezi wa Desemba 1896 Prince alimweka kuwa mtawala wa Wahehe mahali pa nduguye. Watu walikusanyika, akavikwa heshima. Kabla ya miezi miwili kutimia, mwezi wa Februari 1897, Prince yule yule alimnyonga, akimshtaki kwamba kwa siri alikuwa akimsaidia Mkwawa.

Kama shtaka lilikuwa kweli, basi Mpangile alikufa kwa ajili ya nduguye. Kama halikuwa kweli, alikufa bure. Kwa vyovyote alikuwa mtu aliyesimama kati ya mawe mawili ya kusagia. Na hebu tutazame: jina la Mkwawa lajulikana na kila mtoto wa shule, bali jina la Mpangile, aliyeongoza siku ya Lugalo, halitajwi sana. Watu hupenda kumkumbuka yeye aliyekataa mpaka mwisho. Aliyekataa, kisha akakubali, kisha akauawa, hawajui wamweke wapi, na kwa hiyo humwacha nje.

Mkwawa naye mwisho wake ulifika. Zawadi ya rupia 5000 ilitangazwa kwa atakayeleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898 kikosi cha Kidachi chini ya sajini Merkl kilikuwa kikimfuata karibu, kikasikia mlio wa bunduki. Walipofika waliona watu wawili wamelala. Mkwawa alikuwa amejipiga bunduki, asitake kukamatwa hai. Mahali hapo ni Mlambalasi, na kaburi lake liko huko. Lakini lililozikwa ni kiwiliwili, kwa maana Merkl aliamuru kichwa kikatwe.

IV. Kichwa kilichokwenda Ulaya

Kwa watu wa bara letu kaburi si shimo la kufichia mfu tu. Ni mahali ambapo watoto na wajukuu huja kutambika, kumwagia pombe au unga, kumtaja marehemu kwa jina na kumwomba asiwasahau wazao wake. Wahehe walishika sana desturi hiyo, hasa katika nyumba ya mtawala. Hata kwetu sisi tuliopokea imani nyingine, heshima kwa mwili wa marehemu si jambo geni. Basi kuzika mtawala bila kichwa kulikuwa kama kuacha habari katikati ya neno. Kichwa cha Mkwawa kilikuwa nyara kwa Wadachi, lakini kwa Wahehe kilikuwa deni lisilolipwa.

Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, jambo hili lilifika mahali ambapo hakuna aliyelitazamia. Bwana Horace Byatt, aliyesimamia nchi hii kwa Waingereza, alishauri kichwa hicho kirudishwe. Katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, sharti la 246, iliandikwa kwamba Udachi utoe fuvu la Sultani Mkwawa katika muda wa miezi sita. Sharti hilo hilo lilitaja Kurani ya Khalifa Othman. Kati ya mambo ya falme kubwa na fedha zisizohesabika, likasimama jina la mtawala mmoja wa Uhehe. Walakini fuvu halikuja. Wadachi walisema hawalioni.

Miaka ikapita. Mwaka 1926, wakati wa Gavana Sir Donald Cameron, Waingereza walimrudisha Sapi, mwana wa Mkwawa, kuwa mtawala wa Wahehe. Mwaka 1940 Sapi aliondolewa, na mwanawe Adam Sapi akashika mahali pake. Mwaka 1953 Gavana Sir Edward Twining alikwenda mwenyewe katika makumbusho ya Bremen. Huko kulikuwa na mafuvu yapata 2000, na kati yake yalikuwamo yaliyotoka Afrika ya Mashariki. Twining alitumia kipimo cha upana na urefu wa kichwa, akilinganisha na vipimo vya watu wa nyumba ya Mkwawa, na akachagua fuvu moja lililokaribiana nao, tena lenye alama ya risasi. Tarehe 19 Juni 1954, huko Kalenga, mbele ya umati mkubwa wa Wahehe, alimkabidhi Adam Sapi. Fuvu hilo limewekwa katika makumbusho ya Kalenga, ndani ya sanduku la kioo.

Wako wataalamu walioona shaka kama kweli ni lenyewe, kwa kuwa kipimo cha namna hiyo si ushahidi wa kutosha. Mwalimu asiwafiche wanafunzi shaka hiyo. Lakini pia awaeleze kwamba siku ile Kalenga watu hawakuja kupima mifupa. Walikuja kusikia serikali iliyowatawala ikikiri, kwa tendo na mbele ya macho yao, kwamba jambo lililotendwa Mlambalasi halikuwa haki.

V. Mfano wa Waskoti

Desturi ya kurudisha maiti ya shujaa kwao si ya Wahehe tu. Katika milima ya Uskoti, kaskazini ya Uingereza, uko ukoo wa Cameron, na wakuu wake waitwa wa Lochiel. Jina la Gavana Cameron niliyemtaja ni jina la ukoo huo. Nao walikuwa watu wa ukoo na vita, wenye mkuu wao, mifugo yao na lugha yao ya mlimani, isiyofahamika na watu wa bonde.

Mwaka 1745 Donald Cameron wa Lochiel alimfuata Mwanamfalme Charles Stuart aliyetaka kukitwaa tena kiti cha babu zake. Tarehe 16 Aprili 1746, uwanjani Culloden, walishindwa vibaya. Lochiel alijeruhiwa, akakimbilia Ufaransa, akafa huko ugenini mwaka 1748. Nduguye Archibald, aliyekuwa mganga, alikamatwa baadaye, akanyongwa London mwaka 1753. Nchi yao ilichukuliwa, na desturi zao nyingi zikakatazwa kwa sheria.

Sasa tuangalie mageuzi ya mambo. Ndugu mwingine wa Lochiel alikuwa John wa Fassiefern. Mjukuu wake, John Cameron, akawa kanali katika jeshi la mfalme wa nyumba ile ile iliyowashinda babu zake. Aliongoza kikosi cha Waskoti wa milimani, akauawa Quatre Bras tarehe 16 Juni 1815, siku mbili kabla ya vita vya Waterloo. Alizikwa huko huko. Mwaka uliofuata nduguye alikwenda akaufukua mwili, akaurudisha nyumbani, na watu wapata 3000 wa milimani walimsindikiza mpaka kaburini Kilmallie. Mnara mrefu wa mawe ulisimamishwa, na maneno yaliyoandikwa juu yake yalitungwa na Walter Scott, mtunzi maarufu.

Nyumba hizi mbili zafanana sana: zilishindwa, ndugu akanyongwa, mkuu akafa mbali na kiti chake, kisha wazao wakapata cheo chini ya aliyewashinda. Lakini iko tofauti moja, na ndiyo inayonifanya nilete mfano huu. Ndugu wa Kanali Cameron alihitaji mwaka mmoja kuuleta mwili nyumbani. Kichwa cha Mkwawa kilihitaji miaka 56. Upendo wa Wahehe haukuwa mdogo kuliko wa Waskoti. Ila Mskoti wa mwaka 1816 alikuwa amekwisha kuwa mtu wa serikali, mwenye njia wazi mbele yake. Na Mhehe wa mwaka 1898 alikuwa mtu aliyetawaliwa, ambaye hata mifupa ya baba yake haikuwa mali yake. Hivyo twaona kwamba kumbukumbu hufuata nguvu. Mwenye nguvu huzika na kujenga. Asiye na nguvu hungoja.

VI. Minara na majina

Jambo hili laonekana wazi Lugalo. Palepale penye vita Wadachi walisimamisha mnara, na mnara huo ni wa Zelewski na watu wake, yaani wa walioshindwa. Wahehe walioshinda, na hasa wale wapata 60 waliokufa siku ile, Wadachi hawakuwawekea jiwe. Mgeni akisoma mawe tu, bila ya kuuliza watu, aweza kudhani kwamba siku ile walikufa watu wa upande mmoja.

Mnyongaji wa Mpangile naye ameacha jina. Huko milima ya Usambara iko Sakharani, shamba lililokuwa lake zamani, na jina hilo ni lile la ulevi wa vita. Prince mwenyewe aliuawa katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914. Watu wengi hutaja Sakharani bila ya kujua kwamba wanamtaja mtu.

Nguvu zilipohama, majina nayo yalihama. Mjini Dar es Salaam palikuwa na kambi ya askari iitwayo Colito. Jina hilo lilitoka Habeshi, mahali ambapo mwaka 1941 askari wa King's African Rifles walipigana na Waitalia, na sajini Nigel Leakey akapewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa. Baada ya uhuru kambi ile ikapewa jina jipya, nalo ni Lugalo. Watu waliokufa majanini mwaka 1891 bila jiwe, sasa mahali pao pa ushindi patajwa kila siku na askari wa taifa. Iringa nayo ina shule na chuo kikuu kishiriki vyenye jina la Mkwawa. Na Adam Sapi, mjukuu wa mtawala aliyekatwa kichwa, alikuwa Spika wa Bunge tangu 1962 hata 1973, na tena tangu 1975 hata 1994. Alifariki mwaka 1999. Nyumba iliyoanza kwa mwindaji wa nyati ilifika mahali ambapo silaha yake ilikuwa kuwapa watu zamu ya kusema.

Wala jambo la mafuvu halijakwisha. Mwezi wa Septemba 2023 ilitangazwa Berlin kwamba baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro yamepatikana kuwa na jamaa walio hai. Tarehe 1 Novemba mwaka huo huo Rais Frank-Walter Steinmeier wa Udachi alifika Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na nchi yake.

VII. Neno kwa Singida

Sasa nije nyumbani. Katika miaka ya kwanza ya karne ya ishirini Wanyaturu nao waliwapinga Wadachi, na jina linalotajwa kupita yote ni la mwanamke, Liti Kidanka. Hakuwa na ukuta wa mawe kama Kalenga, wala vikosi vilivyopangwa. Alikuwa mtu wa kuagua, na watu walimsikiliza. Wazee husimulia kwamba aliwapelekea maadui nyuki, nao wakatawanyika. Mwisho wake aliuawa. Katika nchi hii yenye mizinga ya nyuki kila pori, twaweza kufahamu kwa nini masimulizi yalichagua silaha hiyo: adui alikuja na vitu vya mbali, naye akajibiwa na kiumbe cha hapa hapa.

Uwanja wa michezo wa mji wa Singida, ulioitwa zamani Namfua, leo waitwa Liti. Hilo ni jambo jema. Lakini tujihadhari, kwa maana jina lisiloelezwa huwa sauti tupu, kama Sakharani ilivyokuwa sauti tupu. Mtoto akisema jina la Liti kila wiki kwa ajili ya mpira, wala hajui alikuwa nani, basi tumemwekea Liti jina na kumnyima kumbukumbu.

Kazi hiyo haitakiwi kungoja serikali wala kungoja fedha za mnara. Ni kazi ya mwalimu na ya mhubiri, nayo yahitaji daftari, kalamu na uvumilivu. Nataja mambo manne ya kutenda.

Kwanza, tuandike majina ya mahali na maana yake kwa lugha ya wenyeji, kabla hayajabadilika katika midomo ya wageni. Ilundamatwe yatuonyesha kwamba jina moja laweza kulinda habari kwa zaidi ya miaka mia.

Pili, tuwaulize wazee wanawake kama tunavyowauliza wanaume. Habari ya mwanamke aliyeongoza watu haitakuwa salama ikiwa wanaohojiwa ni wanaume peke yao.

Tatu, tuandike masimulizi kama yalivyosemwa, na tusiyasahihishe ili yawapendeze wasomaji. Wazee wawili wakipingana, tuandike maneno ya wote wawili, kila moja na kijiji kilikotoka. Mgogo wa Manyoni asimulie uvamizi wa Wahehe kama babu zake walivyouona, hata kama jina la Mkwawa limeandikwa kwa heshima vitabuni.

Nne, tuwatafute akina Mpangile wetu, wale waliosimama katikati, waliolazimishwa kuchagua na wakaangamia kwa uchaguzi wao. Hao ndio wanaosahauliwa upesi, na hao ndio wanaotufundisha zaidi, kwa kuwa wengi wetu katika shida tungefanana nao kuliko kufanana na Mkwawa.

Mjini Iringa, juu ya kilima, liko jiwe kubwa liitwalo Gangilonga, maana yake kwa Kihehe ni jiwe lisemalo. Wenyeji wasema Mkwawa alikuwa akikaa hapo akitafakari. Mawe ya namna hiyo tunayo mengi katika Singida, makubwa kuliko lile, nayo yamesimama kimya mashambani na kando ya maziwa ya chumvi. Yatasema au yatanyamaza kwa kadiri ya sisi tutakavyouliza wazee walio hai leo.